Bastola ya Tufaha

Sura ya Tisa

Fundi bunduki Svetolik Paunić alikuwa mtu wa kufungua duka anapotaka, na Jumatatu hiyo hakutaka. Inspekta Radojka Perunović aligonga kioo cha mlango mara tatu, akangoja, kisha akagonga kwa pete. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Saa nane mchana muda wa kumweka Ognjen Stamenić mahabusu ungekwisha, na mwendesha mashtaka alikwisha kusema wazi atakachofanya: shitaka la mauaji, gari la gereza, jalada kabatini. Ushahidi ulikuwa umekaa sawa mno. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha Radojka kutopenda ushahidi unaokaa sawa namna ile.

Mambo yenyewe yalijulikana Gornji Brest nzima. Jumamosi adhuhuri Ognjen alikwenda na watu wake kumchukua bibi harusi, Jelisaveta. Wenyeji walikuwa wametundika tufaha kwenye ncha ya mti mrefu ulioegemezwa darini, kama ilivyo ada, na bwana harusi asiyeliangusha kwa risasi tatu haingii langoni ila kwa aibu. Kaka wa bibi harusi, Miloje, alikaa kwenye dirisha la dari ameshika uzi uliofungwa kwenye kikonyo, akilivutavuta lile tufaha ili shemeji ahangaike. Ognjen alipiga tatu. Tufaha likaanguka, tarumbeta zikalia, na wanaume wa upande wake wakamimina risasi hewani mpaka njiwa wakahama kijiji. Chakula kilipopakuliwa, mama mtu alipanda kumwita Miloje, akamkuta amelala chali na uzi mkononi. Risasi ilikuwa imeingia kifuani.

Jumapili risasi hiyo ilitolewa. Maabara wakapiga risasi nyingine kwa bastola ya bwana harusi, wakazilinganisha, wakaandika: mtutu mmoja. Magazini iliingizwa risasi nane na zilibaki tano. Ognjen mwenyewe alikuwa na neno moja tu la kujitetea. Aliapa kwamba baada ya tufaha kuanguka alimwona Miloje akicheka na kumtolea ulimi.

"Hata mimi ningesema hivyo," alisema mwendesha mashtaka.

Kweli, kila mtu angesema hivyo. Lakini kwenye ukurasa wa pili wa ripoti ya maabara kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyeujali: *masalio ya kunata ndani ya kifuniko na fremu, yamkini mafuta ya zamani.* Mtu gani hununua bastola kwa ajili ya harusi yake halafu anaiacha na mafuta ya zamani?

Pazia likasogezwa. Jicho moja likachungulia.

"Tumefunga."

"Nimeona, Mzee Svetolik. Fungua."

"Kuna kibao hapo mlangoni."

"Nami nina kitambulisho hapa mkononi. Tushindane?"

Kufuli likalia. Duka lilinuka mafuta ya mashine na kahawa iliyochemka ikamwagikia jikoni. Svetolik, mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, alirudi nyuma ya kaunta yake kana kwamba huko ndiko angekuwa salama. Radojka akaweka mfuko wa karatasi ya kaki mbele yake, akakata lakiri, akasaini pembeni kwamba ameikata.

"Soma namba."

Mzee akashusha miwani ya paji, akasoma. Akafungua kitabu kikubwa cha mauzo, akateremsha kidole, akakisimamisha.

"Ni hii. Niliiuza mimi, tarehe kumi na moja. Namba ya fremu na ya kifuniko zote sawa. Mungu anisamehe."

"Mungu atafanya yake. Wewe niambie walivyoingia, walivyosema, na nani aliichagua."

"Kwani yeye amesemaje?"

"Amesema amechagua mwenyewe."

Svetolik akacheka bila furaha. "Bwana harusi! Bwana harusi hachagui hata soksi, binti yangu. Walikuja wawili, yeye na kumu wake."

"Strahinja Vidak."

"Huyo huyo. Na ungetarajia nani? Msimamizi wa ndoa ndiye mwenye shughuli, na kwetu kumu si kifungo cha koti, ukimpoteza ushone mwingine. Baba yake Strahinja alimsimamia baba yake Ognjen. Ni damu isiyo ya damu."

Radojka akaandika. Kwa nje, mwanamke aliyebeba kikapu cha plamu alisimama kutazama gari la polisi, akaona anatazamwa, akaenda zake.

"Ognjen alitaka nini?"

"Alitaka kitu kimoja. Isikwame. Alisema hivyo kabla hata ya kunisalimu. Unamjua baba yake?"

"Mzee Tik."

"Jina lake ni Vukašin, lakini nani anajua? Miaka thelathini iliyopita alisimama langoni kwa wakwe, akalenga tufaha, bastola ikasema *tik*. Akavuta tena, *tik*. Mara tatu. Mpaka leo akiingia kilabuni kuna mpuuzi atagonga glasi kwa ukucha, *tik*. Sasa mtoto wake anaoa. Ungekuwa wewe ungetaka nini?"

"Isiyokwama."

"Basi." Mzee akainama, akatoa bastola mbili kutoka chini ya kaunta, akazilaza kwenye kitambaa cha kijani kando ya ile ya ushahidi. "Niliwapangia hivi hivi, tatu. Hii ya kwanza ni mpya, nyepesi, nusu yake plastiki. Nzuri kwa askari anayeifuta kila jioni. Hii ya pili ni ya mashindano. Isikilize." Akavuta kifuniko, lile bamba la chuma la juu, kikateleza bila sauti. "Imebana kama viatu vya kanisani. Italenga inzi. Lakini ikiingia punje ya mchanga, kwaheri. Na hii..."

Hakuigusa ile ya tatu. Alimtazama Radojka kwanza, na Radojka akaitikia kwa kichwa, akampa glavu. Mzee akaiinua bastola ya ushahidi, akaitikisa karibu na sikio. Ikatoa mlio mdogo wa chuma.

"Umesikia? Inacheza, kama jino la mzee. Vijana husikia hivyo wakadhani imechakaa. Ndivyo ilivyotengenezwa! Chuma kitupu, mtindo wa kale, nyundo iko nje unaiona, risasi nane kwenye mstari mmoja. Kuna nafasi ndani, uchafu unapata pa kwenda. Itumbukize kwenye tope, itoe, itafyatuka. Fundi mwenye akili ndiyo atakayokupa kwa harusi."

"Kwa nini kwa harusi hasa? Harusi ina tope?"

"Harusi ina kibaya kuliko tope," alisema Svetolik. "Lakini ngoja, kuna jambo. Sikutaka kulisema."

Kalamu ya Radojka ikasimama. "Liseme."

"Aliniuliza kama itapenya ubao."

"Nani?"

"Ognjen." Mzee alikuwa ameshusha sauti ingawa dukani hamkuwa na mtu. "Aliniuliza, 'Ukuta wa dari ni wa mbao. Itapita?' Nikamwambia itapita mbao mbili na kuomba ya tatu."

Radojka aliandika neno kwa neno. Mwendesha mashtaka angelipenda hilo, angelisoma mahakamani polepole kwa sauti yake ya kuhubiri. Bwana harusi kapanga, kauliza, kajibiwa, kanunua.

"Ulipomjibu akafanyaje?"

"Akaiweka chini."

"Akaiweka chini vipi?"

"Hivi. Kama sahani ya moto. Akasema hapana, nipe hiyo nyepesi, Jelisaveta atakuwa anavalishwa chumba cha juu, nyuma ya huo ukuta. Rangi ilikuwa imemtoka. Strahinja akamcheka. Akamwambia, 'Lenga juu ya paa, mwanamume wewe, risasi itaenda Bulgaria. Chukua hii, kama yangu. Nimepiga nayo tangu masika, haijanikwamia hata mara moja.'"

"Kama yangu," alirudia Radojka.

"Ndiyo. Yake niliiuza mimi pia, mwezi wa nne. Zilitoka kwenye kasha moja la ghala la jeshi, pacha. Kichwa cha hii kitaingia kwenye mwili wa ile. Alinunua masikini akiwa bado na raha zake, kabla kinu chake cha kupasulia mbao hakijaungua na mlinzi wa usiku akafia ndani."

Radojka hakuinua uso. Ndani ya pochi yake kulikuwa na nakala ya karatasi iliyotolewa kwenye mfuko wa koti la Miloje, wito wa kufika mbele ya hakimu Jumatano, kutoa ushahidi juu ya nani aliyewasha moto wa kinu. Miloje alikuwa ameupokea Ijumaa jioni. Hadi dakika ile karatasi hiyo ilikuwa karatasi tu.

"Mtutu," alisema. "Una namba?"

"Wa bastola hizi? Hauna. Fremu na kifuniko tu."

"Sasa niambie hicho kibaya kuliko tope."

Svetolik akaikunja midomo yake. Hapo hasira yake ya miaka ikafunguka kama bomba.

"Rakiya! Wanaimwagia rakiya! Kitu kipya lazima kilowe, sawa, pombe inywewe, mimi mwenyewe nakunywa. Lakini ukoo wa Vidak hawatosheki kunywa. Kumu lazima aimwagie bastola yenyewe, na si rakiya ya kawaida, ni ya asali! Mama yake Strahinja anaipika na asali ya akasia na karafuu. Alisimama hapo hapo ulipo, akavuta kifuniko nyuma, akaimimina glasi nzima humo ndani, huku mimi napiga kelele kama mbuzi wa Pasaka. Halafu ole wako uifute! Ukiifuta kabla ya tufaha kuanguka umefuta bahati. Wakaifunga kwenye taulo la kutarizi, asali yote ndani, siku kumi na mbili. Kila mwaka wananiletea zilizoshika kutu. Kila mwaka! Ndiyo maana niliwapa hii. Nyingine yoyote ingegandamana na Mzee Tik angepata mwenzake."

"Ifungue," alisema Radojka.

"Sasa?"

"Sasa, na polepole. Kila unachokiona kiseme kwa sauti."

Mzee akachomoa magazini, akatazama chumba cha risasi, akatazama tena. Akasukuma pini ya pembeni kwa kidole gumba. Kifuniko kikatoka kwa shida, kikilia *nyaa* kama gundi. Akakigeuza.

"Kifuniko. Ndani kinanata. Kutu, vidoadoa, hapa na hapa." Akanusa. "Karafuu. Si nilikuambia? Fremu, vivyo hivyo, inanata, kutu kwenye reli. Springi, inanata. Mtutu..."

Akausogeza karibu na dirisha.

"Mzee Svetolik. Kwa sauti."

"Mtutu hauna kitu." Akaupitisha kidole cha glavu juu yake, akakitazama, akaupitisha tena. "Una mafuta. Mafuta yangu, ya kijani, haya hapa rafuni. Hakuna asali. Hakuna kutu hata kidoa."

"Labda maabara waliusafisha."

"Waliusafisha ndani labda, kwa kitambaa. Lakini huku juu? Ukivuta kifuniko nyuma, binti yangu, kinachoonekana kwanza ni mtutu. Ukimwaga, ndio unaolowa kwanza. Haiwezekani. Nyumba nzima imelowa halafu paa kavu?"

Radojka alikuwa akitazama vipande vinne juu ya kitambaa cha kijani, vitatu vichafu na kimoja kisafi.

"Kuutoa huo na kuingiza mwingine huchukua muda gani?"

"Mtu anayejua? Nusu dakika. Garini, gizani, amelewa, dakika moja." Mzee akavua miwani yote miwili. "Baada ya tufaha, nani aliishika?"

Radojka alikuwa na jibu kwenye daftari tangu Jumamosi, ameliandika na asilione. Bwana harusi akishaangusha tufaha humkabidhi kumu bastola, maana anahitaji mikono miwili ya kumpokea bibi harusi. Strahinja aliipokea, akaenda nayo garini kuihifadhi. Saa moja baadaye aliwakabidhi polisi kwa mikono yake mwenyewe, huku akilia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa kilikuwa kimevaa ua la harusi kifuani.

"Ukimpigia mtu yeyote simu," alimwambia mzee, "nitajua."

"Nimpigie nani? Hata kahawa yangu imepoa."

Hati ya upekuzi ilichukua muda. Karani alikuwa chai, hakimu alikuwa kwenye kesi ya ng'ombe, na saini ilipopatikana ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Radojka aliondoka na askari wawili. Alipofika kwa Strahinja Vidak, saa ya gari ilisema sita na robo.

Uwanjani walikuwa wanapika jemu ya plamu. Sufuria kubwa ya shaba ilikuwa juu ya moto, na Mama Leposava, mama yake Strahinja, alikuwa akikoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye. Nyigu walikuwa wengi. Strahinja alikaa kwenye meza chini ya mzabibu, jitu la mabega mapana, shati jeusi la msiba, kikombe cha kahawa mkononi. Akasimama kwa heshima.

"Dada Radojka! Karibu, karibu. Mama, leta glasi. Umeniletea habari za Ognjen wangu? Nimemtafutia wakili kutoka mjini, anakuja saa nane."

"Anakuja kwa wakati. Una bastola, Strahinja?"

"Ninayo, na kibali ninacho." Hakushtuka hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo na kuona limechelewa. "Mnataka kuipima? Nilisema Jumamosi ile ile, chukueni za wote, tulipiga wote hewani. Mkamng'ang'ania Ognjen tu. Ngoja nikuletee."

"Askari atakusindikiza."

"Na anisindikize! Avue viatu tu, mama kapiga deki."

Walirudi na bastola imefungwa kwenye kitambaa. Strahinja akaiweka mezani mwenyewe, akafungua mikono.

"Sijaigusa tangu Jumamosi. Unajua kwa nini? Nilijiambia, ukiisafisha watasema, mbona kaisafisha? Basi iko vile vile. Ipimeni. Mtutu utasema wenyewe kama ndio uliomuua Miloje, Mungu amrehemu."

"Utasema," alikubali Radojka. "Ulisimama wapi tufaha lilipoanguka?"

"Nyuma ya Ognjen, hatua mbili. Mahali pa kumu."

"Ukapiga ngapi?"

"Nani huhesabu kwenye furaha? Nne. Tano."

"Hewani."

"Kwani utapiga wapi?"

Radojka akavaa glavu. Akatandaza gazeti mezani, akasoma namba kwa sauti na askari akaiandika. Akatoa magazini, akatazama chumba cha risasi mara mbili kama alivyomwona mzee akifanya. Vidole vyake havikuwa na wepesi wa Svetolik, lakini pini ilikubali. Kifuniko kikateleza na kutoka laini, bila sauti. Kilikuwa kimeng'aa kwa mafuta ya kijani. Fremu nayo hivyo hivyo, safi kama ya kuoneshea wateja. Akachomoa springi, kisha akauchomoa mtutu, akaulaza peke yake katikati ya gazeti.

Ulikuwa umefifia. Upande wa juu ulikuwa na vidoadoa vya kutu, na gazeti likauganda.

Strahinja alikuwa amekwisha kuinua kikombe. Hakunywa. Nyigu mmoja akaja, akazunguka juu ya kifuniko, akakiacha, akazunguka juu ya fremu, akaiacha. Akatua kwenye mtutu na kuanza kutembea juu yake polepole, akisimama kila hatua.

"Nyigu wa jemu," alisema Strahinja. "Wanatua kila mahali."

"Naona. Mama Leposava, shikamoo. Njoo unisaidie pua kidogo, mimi nina mafua."

"Mwache mama, ana kazi."

"Kidogo tu."

Bibi akauegemeza mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akaja akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na uso wa plamu iliyokaushwa na macho ya kitoto. Radojka akauinua mtutu kwa ncha mbili za vidole, nyigu akaruka. Bibi akanusa. Akanusa tena, akafumba macho, na uso wake wote ukatabasamu.

"Karafuu! Hii rakiya yangu. Ya akasia, ya mwaka jana. Hakuna mwingine anayetia karafuu, wananicheka, lakini sikiliza harufu hiyo." Akamgeukia mwanawe kwa fahari. "Si ile niliyokupa ukaimwagie bastola ya Ognjen?"

Strahinja aliitazama sufuria.

"Lakini hii si ya Ognjen," aliendelea bibi, na tabasamu likaanza kutafuta pa kwenda. "Hii yako, yenye mkwaruzo. Yako hukuimwagia hata tone. Nimekugombeza tangu Pasaka. Imefikaje humo?"

"Mama, koroga jemu."

"Imefikaje, mwanangu?"

"Koroga jemu, itaungua!"

Hakuna aliyekoroga. Askari mmoja alikuwa amesogea nyuma ya kiti cha Strahinja, mwingine amesimama kati yake na lango. Radojka aliuweka mtutu kwenye mfuko, akaufunga, akaandika saa: sita na dakika thelathini na mbili.

"Wa Ognjen uko kwako," alisema. "Wako uko kwake, nao umelingana na risasi iliyomuua Miloje. Ulipiga kutoka mahali pa kumu, tarumbeta zikilia, kila mtu akitazama tufaha. Ognjen hakuwa mwongo. Miloje alikuwa bado anacheka. Kisha ukachukua bastola ya mwenzako kuihifadhi."

"Maneno ya nyigu na bibi kizee."

"Na maabara, kuanzia saa nane. Kitu kimoja sikielewi. Kwa nini Jumamosi, mbele ya watu mia mbili? Ungeweza kungoja."

"Ningengoja mpaka lini? Mpaka Jumatano asimame aseme uongo wake?"

Alisema kwa hasira, harakaharaka, kama mtu anayesahihisha bei sokoni. Kisha akalisikia alilolisema. Kikombe kikagonga kisahani.

"Wito aliupata Ijumaa jioni," alisema Radojka. "Alimwonesha nani?"

Strahinja akatazama mikono yake.

"Alikuja kwangu," alisema hatimaye. "Mpumbavu yule. Alikuja kuniambia mapema, ati tusiharibiane harusi. Ati yeye ataona haya kunitazama mezani kama sijui."

Harufu ya jemu inayoungua ikawafikia. Mama Leposava alikuwa bado amesimama pale pale, mkono mmoja mdomoni, akimtazama mwanawe kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Radojka akaenda yeye mwenyewe kuitoa sufuria motoni. Ilikuwa nzito, na ikamchoma kidole.

Alimpigia mwendesha mashtaka simu saa saba na dakika arobaini, akamsomea mambo matatu, akapewa ruhusa ya kumwachia Ognjen. Kisha akateremka mahabusu na ufunguo.

Ognjen Stamenić alikuwa amekaa kwenye benchi na shati lake la harusi, kola wazi, bila tai wala mkanda wala kamba za viatu. Alisimama mlango ulipofunguka. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa siku mbili alikuwa amezeeka akafanana na baba yake.

"Ni saa nane, Inspekta?"

"Bado. Uko huru. Haikuwa risasi yako."

Alishika ukuta. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta.

"Nilijua," alisema. "Nilimwona akicheka. Alinitolea ulimi. Nilianza kujiambia labda nimeota." Akavuta pumzi. "Jelisaveta anajua?"

"Yuko juu, kaunta. Nimemwambia hilo tu, kwamba si wewe."

"Ana pete?"

"Anayo kidoleni. Nenda."

Alikwisha kupiga hatua mbili kuelekea mlangoni alipokumbuka. Radojka alikuwa akiomba asikumbuke hadi afike juu.

"Ni nani?"

"Panda kwanza, Ognjen. Nitakuja nikuambie."

"Wakili amekuja? Nilisikia Strahinja kanitafutia wakili. Mwambieni Strahinja aje, mimi sina mtu wa kunisaidia kumkabili mama mkwe. Yuko wapi?"

Radojka alishika ufunguo na kuutazama kana kwamba una kasoro. Juu ya vichwa vyao mlango wa nje wa kituo ulifunguliwa, viatu vya watu watatu vikapita ukumbini, vya askari wawili vikienda sawa, na vya mtu mmoja mrefu, vizito. Sauti nene ikataja jina lake kwa ajili ya kitabu cha mahabusu. Vidak, Strahinja.

Ognjen alisikiliza mpaka mwisho. Akarudi nyuma taratibu, hatua zile zile mbili, akakaa tena kwenye benchi, akaweka mikono magotini.

"Inspekta," alisema. "Hebu rudisha mlango kidogo."

Radojka aliurudisha, hakuufunga kwa ufunguo, akabaki amesimama nje.